Mshale wa Bi Zuhura

Vijana wangu wa chuo cha ufundi, mlipokuja kwangu Kilifi wiki iliyopita mlinionyesha ile kompyuta kuukuu ya mapajani kwa fahari, kama mtu anayemwonyesha babu yake mtoto wa kwanza. Mlipewa kumi za msaada, mkazitia ule mfumo wa Linux, zikawaka vizuri, ila kile kibao cha kugusa kilikataa vidole viwili. Ukurasa ulikuwa haupandi wala haushuki. Mkahangaika wiki mbili, mkaingia hadi kwenye kiini cha mfumo wenyewe, mkatia kiraka cha mistari sita, na ukurasa ukatii. Kisha yule mwenzenu mwenye miwani akaniuliza kwa adabu zake, "Babu, enzi zenu kulikuwa na kazi kama hizi?"

Nilicheka, nikawaongeza chai, nikabadilisha mazungumzo. Jibu lilikuwepo, lakini ni refu, na ndani yake mna aibu yangu. Aibu haielezwi vizuri mbele ya wageni wanaokula mahamri yako, kwa hivyo nimeona niiandike.

Kazi yangu ilikuwa ufundi wa mashine za ofisi, Malindi, katika miaka ya themanini. Nilianzia kwenye taipureta katika duka la Bwana Chengo, mzaliwa wa Rabai, mtu mwenye vidole vinene kama ndizi mkono wa tembo ambavyo vilikuwa vikiingia ndani ya mashine na kutoka na springi ndogo kuliko punje ya mchele. Hakuwa msemaji. Akisema jambo mara mbili ulijua kwamba umemwudhi. Lakini kulikuwa na neno moja alilolirudia kila mara bila kuudhika: "Mashine haina haya. Mwenye mashine anayo."

Nililielewa neno hilo, au nilidhani nimelielewa, siku tuliyoitwa Gede kwenye ofisi ya mnunuzi mmoja wa korosho. Karani wake alikuwa analalamika kwamba taipureta inafika katikati ya mstari na kugoma. Mimi ndiye niliyetangulia kufika. Nikaipiga mstari mzima, ikaenda. Nikaipiga ukurasa mzima, ikaenda. Nikaitia mafuta ili nisionekane nimekuja bure, nikarudi zangu. Siku ya tatu wakatuita tena. Safari hii Bwana Chengo alikwenda mwenyewe, akaomba kiti, akakaa kimya kando ya karani kutoka asubuhi, kama mtu aliyekuja kusubiri barua. Ilipofika saa nne karani akashindwa kuvumilia. Akatoa kikopo cha mihogo ya kukaanga kwenye mtoto wa meza, akakiweka upande wa kushoto wa mashine nyuma ya mafaili, mahali tajiri wake asipopaona, kwa maana kula ofisini kulikuwa marufuku. Akaanza kupiga. Gari la taipureta likaenda likagonga kikopo, kwaa, likasimama.

Kila fundi alipokuja, karani alikuwa anakificha kikopo. Angesemaje? Bwana Chengo hakumcheka. Alikisogeza kikopo upande wa kulia, akala kipande kimoja, akaandika kwenye ripoti kwamba mashine imerekebishwa. Nilikicheka kisa hicho mwaka mzima. Nilidhani kinamhusu yule karani.

Kompyuta zilipoanza kuingia mahoteli ya Malindi, Bwana Chengo alinipeleka Mombasa kusoma miezi michache. Niliporudi nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa na mkoba wa vifaa wa ngozi, kitabu cha maelekezo kilichopigwa fotokopi hadi herufi zikafifia, na mashati matatu mapya yenye kola ngumu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilitembea kama mtu anayejua jambo ambalo mji mzima haulijui. Kusema kweli ndivyo ilivyokuwa, na hiyo ndiyo hatari yake.

Hoteli yenyewe siitaji, imeshabadilisha wenyewe mara nyingi. Ilikuwa na kompyuta moja kubwa iliyofungiwa chumbani, na vioo viwili vilivyounganishwa nayo kwa waya, kila kimoja na kibodi yake. Kimoja kilikuwa ofisini kwa meneja, Bwana Muthama, mtu wa bara, mchapakazi asiyependa kusubiri. Cha pili kilikuwa kaunta ya mapokezi, kwa Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa mwenyeji wa Shela, mji wa kale wa Malindi. Buibui lake alilitundika nyuma ya mlango kila asubuhi, akabaki na mtandio, akakaa kwenye kile kiti alichokikalia miaka kumi na saba. Kiitaliano cha kukaribisha wageni alikijua bila ya kukanyaga darasa. Zamani alikuwa na daftari kubwa la wageni na rula ya mbao. Basi la uwanja wa ndege likileta watu arubaini, rula ile ilikuwa inateremka juu ya majina na kupanda tena, na kabla mgeni hajamaliza kujifuta jasho, ufunguo wake uko juu ya kaunta.

Daftari likaondolewa. Sasa majina yalikuwa ndani ya kompyuta, na orodha ilikuwa ikipanda kiooni mstari kwa mstari, ule wa juu ukipotea. Ukitaka kuirudisha ulitakiwa ubonyeze mshale wa juu. Kwa Bi Zuhura orodha haikurudi. Jina likishampita ilimbidi aite orodha upya kutoka mwanzo, na akipepesa jicho limempita tena. Wageni wakawa wanasimama hadi wanakaa juu ya masanduku yao. Siku moja akampa mtu na mkewe ufunguo wa chumba ambacho mgeni mwingine alikuwa ndani, anaoga.

Bwana Muthama akaita fundi. Akaniambia wazi, tena bila ubaya, "Ikiwa ni mashine, nitaipigia kelele kampuni. Ikiwa ni yeye, nitamhamishia stoo ya mashuka, nitafute msichana aliyesomea. Msimu umefika, siwezi kukaa na foleni."

Sasa sikilizeni nilivyofanya. Niliingia ofisini kwa meneja, palipokuwa na kiyoyozi, nikaijaribu orodha kwenye kioo chake. Mshale wa juu, ikarudi. Wa chini, ikaendelea. Mashine nzima kabisa. Kisha nikatoka hadi kaunta, meneja nyuma yangu, mkoba mkononi.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umepata chai?"

"Nimepata, ahsante. Nimekuja kwa ile orodha. Unaubonyeza huu mshale wa juu?"

"Naubonyeza. Ila mwanangu, pana kijiherufi hiki kina—"

"Unaubonyeza ukauachia, au unaukandamiza?" nilimkata. Nilikuwa nimesoma kwamba wanaoanza hukandamiza.

Alinitazama, akamtazama meneja aliyesimama mlangoni, akanitazama tena. Kisha akasema taratibu, "Huenda ikawa ni mimi. Vidole vyangu vimezoea kalamu."

Basi nikaandika. Mashine ni nzima. Mtumiaji anahitaji mafunzo zaidi. Nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Nakala ya ripoti ilikuwa inabaki dukani. Bwana Chengo aliisoma siku iliyofuata, miwani puani, akiwa anasafisha silinda ya taipureta.

"Kazungu, ulimwona akibonyeza?"

"Alikubali mwenyewe kwamba ni yeye."

"Sikukuuliza alisema nini. Nimekuuliza, mikono yake uliiona ikibonyeza?"

Akauliza kitu kimoja tu zaidi: kioo nilichokijaribu ni cha nani? Nilipomwambia, aliiweka miwani mezani na kurudia lile neno lake kuhusu haya. Halafu akalirudia mara ya pili, na mara ile alikuwa ameudhika.

Nilirudi hotelini asubuhi yake. Kwenye kaunta nilimkuta Bi Zuhura anamwelekeza msichana mpya wa kazi mahali funguo za akiba zinapokaa. Alikuwa amepewa mpaka mwisho wa juma, kisha ahamie kwenye mashuka. Alimfundisha kwa upole, kila kitu, hata wageni gani hawapendi vyumba vya karibu na jikoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Niliomba kiti nikakaa kando yake. "Bi Zuhura, leo siulizi kitu. Fanya kazi yako tu kama kawaida."

Akaita orodha. Akaweka rula yake ya mbao juu ya kioo, vilevile alivyokuwa akiiweka kwenye daftari. Majina yakapanda. Akabonyeza mshale wa juu, akauachia, sawasawa kabisa, vizuri kuliko mimi. Orodha haikurudi. Chini ya kioo ikajiandika herufi A, peke yake. Bila hata kuitazama, kwa mazoea, akaifuta.

"Hiyo A," nikasema.

"Ndicho kijiherufi nilichotaka kukwambia siku ile."

Nilikwenda nyuma ya kaunta nikakigeuza kile kioo. Hakikuwa ndugu wa kioo cha meneja. Cha kwanza cha kaunta kilikuwa kimekufa kwa chumvi ya upepo wa bahari, wakaletewa kingine kutoka Mombasa, cha kampuni nyingine, na hakuna aliyesema kitu kwa sababu vyote vilikuwa vyeupe. Nikafungua kitabu changu kilichofifia. Nitawaeleza kwa ufupi, nyinyi mtaelewa haraka. Kibodi ya meneja ukiugusa mshale wa juu ilikuwa inatuma alama mbili: alama ya kutangulia, kisha A. Kibodi mpya ilikuwa inatuma tatu: ya kutangulia, mabano, kisha A. Kiini cha mfumo kilijua mbili tu. Kikipokea mabano kilikuwa kinashangaa, kinaitupa safari nzima, na ile A ya nyuma inafika ikiwa yatima, inaandikwa kiooni kama herufi ya kawaida.

Nilijaribu vitufe vidogo vya nyuma ya kioo, havikusaidia. Mombasa walisema kioo kinachofanana na cha meneja huenda kikapatikana baada ya msimu. Walioandika mfumo, Nairobi, nilipowapata kwa simu ya opereta baada ya kungoja asubuhi nzima, walisema tusubiri toleo jipya. Juma lilikuwa linakwisha. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi.

Nikamwambia Bwana Muthama nitatia kiraka kwenye kiini. Aliuliza, "Ukiharibu?" Nikamwambia nitafanya kwenye nakala ya diski. Akanipa saa za mchana, wageni wakiwa ufukweni, siku tatu.

Nyinyi kiini mnakisoma kama kitabu, maandishi yote yako wazi. Sisi hatukupewa maandishi. Nilikuwa na tarakimu tupu, safu kwa safu, na ilinibidi nizigeuze moja moja kuwa amri kwa penseli katika daftari la shule. Siku ya kwanza yote ilikwenda katika kutafuta tu mahali mshale unapopokelewa. Siku ya pili nikatafuta nafasi ya kuweka amri zangu, maana huwezi kuingiza mstari katikati, kila kitu kitasogea na kubomoka. Nikapata pembe moja yenye sifuri tupu, kama uchochoro ambao hakuna aliyejenga. Pale pa zamani nikaandika "nenda uchochoroni", na mwisho wa uchochoro nikaandika "rudi". Kwa kukosea hesabu nikarudisha hatua moja mbele ya panapotakiwa. Mashine ikaganda, kibodi zote mbili kimya. Nikatoa nakala iliyoharibika, nikachukua diski nyingine, nikahesabu upya. Wekeni nakala, vijana. Wekeni na nakala ya nakala.

Adhuhuri ya siku ya tatu, kabla ya basi la uwanja wa ndege, kiraka kikashika. Bi Zuhura akabonyeza, orodha ikarudi chini na majina ya juu yakajitokeza tena. Alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ndogo. Mimi nilikuwa bado natabasamu mlango wa ofisi ulipofunguliwa.

"Fundi, mshale wangu mimi umekufa."

Nilikuwa nimekiambia kiini kimeze kila alama ya pili, chochote itakachokuwa. Kwa Bi Zuhura kilimeza mabano. Kwa meneja kilimeza ile A yenyewe. Kumbe nilikuwa nimemtoa mmoja shimoni kwa kumtia mwingine. Hili lishikeni kuliko yote niliyoyasema kuhusu ufundi: kiini ni cha wote. Ukikigusa kwa ajili ya mtu mmoja, umewagusa hata wale usiowaona, walio nyuma ya milango iliyofungwa. Nilirudi uchochoroni nikaongeza swali: ukikuta mabano meza, usipokuta acha alama ipite. Amri nne zaidi. Baada ya hapo nafasi ilibaki ya mbili tu.

Basi likafika vumbi likiwa bado halijatua. Watu thelathini na tisa. Bi Zuhura akashika rula. Sijui niseme vipi, ila nilikuwa nimeshamwona akiteseka tu, sikuwahi kumwona akifanya kazi. Majina yakapanda, yakashuka, rula ikapanda, ikashuka, funguo zikawa zinagonga kaunta. Yule msichana mpya alisahau kilichomleta akabaki kutazama. Bwana Muthama alisimama pale hadi mgeni wa mwisho akapata chumba.

"Kwa hiyo ilikuwa mashine," akasema.

Ningeweza kuitikia na mambo yakaishia hapo. Kazi imekwisha, kila mtu kafurahi. Badala yake nilimwomba ripoti yangu ya kwanza. Akaitoa kwenye faili, nami nikaandika chini yake, mbele yake: Mashine ilikuwa na kosa. Fundi hakuijaribu ya kaunta. Mtumiaji alikuwa sahihi tangu mwanzo. Sahihi yangu safari hii haikuwa na mkia. Aliisoma, akairudisha kwenye faili, akasema, "Basi mashuka yatatafutiwa mtu mwingine," akaenda zake.

Bwana Muthama alipoondoka nilibaki kaunta na Bi Zuhura. Alikuwa anapanga funguo zilizobaki. Nikamwuliza lile lililokuwa linanikereketa tangu ile asubuhi ya herufi A.

"Bi Zuhura, wewe ulijua si kosa lako. Kwa nini ulisema huenda ikawa ni wewe?"

Alicheka kidogo, akaendelea na funguo.

"Mwanangu, ulikuja na shati jipya, kola imekunyooka, na tajiri amesimama mlangoni. Ningekwambia mbele yake kwamba kazi huijui, wewe ungeajiriwa na nani tena mji huu?"

Alilisema kama mtu anayeeleza kwa nini amemsogezea mgeni kiti. Alikuwa tayari kwenda stoo kuhesabu mashuka ili mimi nisiaibike, na mimi nililipokea neno lake nikaligeuza ushahidi dhidi yake. Nililelewa na mama wa namna hiyohiyo huko Marafa, nikajua tangu utotoni kwamba mtu muungwana hujitwisha kosa ili mgeni wake apumue, na bado nilisahau mara tu nilipopata mkoba wa ngozi.

Niliinama nikajifanya nafunga mkoba wangu, ambao ulikuwa umefungwa tangu saa nzima iliyopita.